Kosa Moja Lililofutwa Mara Mbili

Nimestaafu ukalimani mwaka huu, na ninyi mnaobaki kazini mmeniomba niwaandikie machache. Sitaandika kuhusu vyeo, kwa sababu mkalimani hana cheo. Mahakamani anapewa kiti kilichobaki, mara nyingi kile chenye mguu unaoyumba, na ikifika saa ya chakula hakuna anayekumbuka kwamba naye ana tumbo. Nitaeleza nilivyoanza, kisha nitaeleza kesi moja iliyonichosha kuliko zote, kwa sababu najua mtakutana na zinazofanana nayo.

Nilikuja Columbus, Ohio, kutoka Nakuru kusomea biashara. Biashara haikunitaka. Kanisa nililosali lilianza kupokea familia kutoka Kivu na Burundi, na mchungaji aliamini kwamba Mkenya yeyote anaelewa kila Kiswahili kilichoumbwa. Mtu akipelekwa hospitali, anaitwa Ruth, yaani mimi. Mtu akiandikiwa na shule, anaitwa Ruth. Siku yangu ya kwanza mahakamani ilikuwa kesi ya leseni ya udereva. Mshtakiwa, mzee wa Bukavu, aliulizwa kwa nini hakulipa faini, akasema, "Bon, miye sikukatala kulipa, ni karatasi njo haikufika." Nilimwelewa, kwamba karatasi ndiyo haikumfikia, ila ilinibidi nivute pumzi kwanza niyapange maneno. Jaji akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeshikwa nikiendesha bila leseni.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mrundi, Mzee Leonidas, mkalimani wa lugha nne na mvivu wa kusalimia katika zote. Alinifundisha kukaa nyuma kidogo ya bega la mteja ili mteja amtazame jaji badala ya kunitazama mimi. Alinifundisha kuandika majina na namba tu, na mengine yote kuyabeba kichwani. Alinizuia kunywa soda kabla ya kesi. Zaidi ya yote alinifundisha kutomwongezea mtu adabu.

"Akitukana, tukana," aliniambia. "Akisema sijui, usimfanye aseme sikumbuki. Hukuitwa kumsaidia. Umeitwa ili asikike."

Nilimwona mkali. Alipofariki tulimzika Columbus kwenye mvua ya baridi, na mimi ndiye niliyewatafsiria wafanyakazi wa makaburini maneno ya mjane wake. Sikumwongezea adabu hata yeye.

Baadaye mume wangu alipata kazi Louisville, Kentucky, nikamfuata. Huko nikaajiriwa na wakili mmoja aliyeitwa Pruitt, mtu mrefu aliyekula chakula cha mchana akiwa amesimama, ambaye karibu kazi yake yote ilikuwa kuwafutia watu rekodi za jinai. Kwa wale ambao hamjaifanya kazi hiyo, mambo yako hivi. Mtu akihukumiwa kwa kosa dogo huko Kentucky, adhabu yake ikaisha, akakaa miaka mitano bila kosa jingine, anaweza kumwomba jaji alifute. Kwanza unapata cheti cha kuonyesha kwamba unastahili, kisha unapeleka ombi, mwendesha mashtaka anapewa nafasi ya kupinga, na jaji anatia sahihi. Baada ya hapo mwajiri akikuuliza kama umewahi kuhukumiwa, sheria inakuruhusu kujibu hapana. Ofisi ya uhamiaji ni habari nyingine. Hiyo haisahau kitu, na msimwache mteja atoke mlangoni akidhani kwamba jibu lilelile litamfaa siku ya kuomba uraia.

Wateja wetu wengi walikuwa watu wa maghala ya Okolona, kusini mwa Louisville. Walikuwa wamepigana kwenye maegesho, au wameondoka dukani na kitu ambacho hakijalipiwa, au wameendesha gari bila bima. Karibu wote walikuwa wamekiri kosa, kwa sababu waliokiri walirudi nyumbani siku hiyohiyo na shifti ilikuwa inawangoja.

Riziki alikuja ofisini mwezi wa kumi na moja, amevaa koti la mumewe. Alikuwa mwanamke wa Uvira, mfupi, mwenye sauti ya chini, na alikaa bila kuegemea kiti. Pruitt alimwomba aeleze kosa kwanza. Akaeleza.

Alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, akiwaogesha na kuwalisha. Mumewe alikuwa ghalani Okolona. Yeye aliingia kazini jioni, wakati ambao mume alikuwa anatoka, na hawakuwa na mtu wa kushika watoto katikati. Kwa hiyo walipokezana kwenye maegesho ya ghala. Riziki alifika na watoto garini, mume akatoka akakaa kwenye usukani, na Riziki akapanda gari la mwenzake wa kazini aliyepita kumchukua. Familia nyingi zilifanya hivyo. Ukipita pale wakati wa kubadilisha shifti ungeona watoto wakihama kutoka mikono hadi mikono.

Siku moja msimamizi alimzuia mume ndani. Mwenzake Riziki akapiga honi, kwamba wanachelewa. Riziki alikuwa ameshaonywa kazini kwa kuchelewa. Akateremsha vioo kidogo, akamwambia mkubwa, aliyekuwa na miaka saba, kwamba baba anatoka sasa hivi, akaenda. Baba alipotoka alikuta polisi wamelizunguka gari. Watoto walikuwa wanakula biskuti. Riziki alikamatwa kazini, akiwa amempaka kikongwe mmoja sabuni nusu ya mwili.

Mahakamani wakili aliyepewa alikutana naye kwenye korido. Mkalimani alikuwa kwenye simu, sauti inakatika. Akaambiwa akikiri kwamba alihatarisha watoto, anakwenda nyumbani leo, na atakuwa chini ya uangalizi kwa muda. Akakiri. Nyumba za wazee hazikumtaka tena, naye akaenda kufunga maboksi ghala moja na mumewe.

"Na kwa nini umekuja sasa?" Pruitt akauliza.

"Dada yangu alikufa kule Buffalo," Riziki akasema. "Faida. Kansa. Aliacha batoto batatu, na baba yao alibaki Congo, kwenye vita, hatujui kama eko muzima. Bale batu ba serikali bamewatia kwa familia ya kizungu. Nimeomba banipatie, miye ni mama mudogo wao. Banasema hapana, juu ya ile kosa."

Pruitt alihesabu kimyakimya, akaacha kalamu. Miaka mitano ilikuwa haijatimia. Yalibaki karibu majira mawili ya baridi.

Riziki aliposikia hivyo aliuliza, "Batoto batangoja?"

Nikatafsiri. Pruitt alikaa, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Mwambie hapana," akasema. "Mtoto hawezi kungoja. Atakua kwa yeyote aliyepo."

Alijaribu njia ya mkato kwanza, kumwomba jaji atengue kule kukiri, kwa madai kwamba Riziki hakuelewa. Tulipata rekodi ya siku ile. Niliisikiliza na vipokea sauti masikioni, nikaandika kila neno. Mkalimani wa kwenye simu alisema, kwa Kiswahili cha vitabuni, "Je, umezifahamu haki ambazo unaziachilia kwa hiari?" Na Riziki akajibu ndiyo, kwa namna ileile aliyomjibu kila mtu aliyevaa tai tangu aliposhuka kwenye ndege. Jaji alisoma, akasema mshtakiwa aliulizwa na alijibu. Ombi likakataliwa. Nilimtafsiria Riziki kwenye korido. Aliinamisha kichwa, akauliza basi la kurudi Okolona linapita saa ngapi.

Kiangazi kilichofuata, watu wa serikali wa Buffalo waliruhusu awaone watoto wa dada yake. Pruitt hakuwa na sababu ya kisheria ya kwenda, ila mimi nilikuwa na likizo. Tuliendesha gari, tukalala Gahanna, karibu na Columbus, kwa rafiki yangu, kesho yake tukaendelea hadi Buffalo, jimbo la New York. Tulipewa chumba chenye wanasesere na mlango wa kioo. Aliyewaleta watoto alikuwa yule mama aliyekuwa akiwalea. Nilitaka awe mtu mbaya, maana ingekuwa rahisi zaidi. Hakuwa mbaya. Alikuwa amewasuka watoto nywele, au amelipa mtu wa kuwasuka, na alimsalimia Riziki kwa mikono miwili.

Esther, mkubwa, alikuwa na miaka kumi na mmoja. Wadogo zake, Daniel na Josué, walijificha nyuma ya sketi ya yule mama. Riziki alikuwa amebeba sombe, yaani kisamvu, na bugali kwenye bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Josué, wa mwisho, alinusa akageuza uso. Esther alivuta bakuli, akala kwa vidole mpaka likabaki tupu, bila kumtazama mtu.

"Unanikumbuka?" Riziki akamuuliza.

Esther alijibu kwa Kiingereza kwamba anaikumbuka sauti, ya kwenye simu ya mama.

Josué alimvuta yule mama mkono, akauliza huyo ni nani. Mkalimani hachagui maneno ya kutafsiri. Nikamwambia Riziki, "Anauliza huyu ni nani." Akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba amesikia. Njiani kurudi, tulipovuka Cleveland, aliuliza tu kama nahitaji kupumzika.

Miaka mitano ilitimia. Tulikuwa tumeandaa kila kitu mapema, cheti kilitoka bila tatizo, na siku ya kusikilizwa mwendesha mashtaka alisema hapingi, macho yakiwa kwenye simu yake. Shauri lenyewe lilikuwa fupi kuliko muda tuliotumia kutafuta maegesho. Jaji alikuwa mama mpole. Alitia sahihi, akamwambia Riziki kwamba kosa limefutwa, na kisheria ni kana kwamba halikuwahi kutokea.

Nikatafsiri.

"Halikutokea?" Riziki akauliza.

"Ndivyo anavyosema."

"Bon. Basi banirudishie ile miaka."

Pruitt, ambaye alishajifunza kumsoma usoni, alinigusa kiwiko. Lakini maneno yalikuwa yamesemwa, nami nikayatafsiri kama yalivyo. Jaji alivua miwani. Alimtazama Riziki, kisha akamwomba karani aite kesi inayofuata.

Sasa sikieni hili vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huumia. Mtu akishukiwa kutelekeza watoto, zinaandikwa rekodi mbili. Moja ni ya mahakama. Nyingine ni ya ofisi ya ustawi wa watoto, ambayo ina orodha yake ya watu iliyoona kwamba hawafai, na amri ya jaji wa jinai haiigusi. Pruitt alijua hivyo tangu siku ya kwanza, na nilimtafsiria Riziki onyo hilo. Alikuwa ameomba jina litolewe, akajibiwa kwamba mtu aliyehukumiwa hawezi kupinga orodha. Ya pili haikuweza kuguswa mpaka ya kwanza iondoke. Riziki alikuwa amesikia, lakini nadhani alipoambiwa limefutwa alisahau, na nani asingesahau? Alikuwa ameshanunua vitanda vya ghorofa. Mumewe alikuwa ameviunga. Kisha ikaja barua ya kukataa ombi lake la kuwachukua watoto, kwa sababu ya lile lile kosa ambalo halikuwahi kutokea.

Tukaanza upya. Rufaa ya kutolewa kwenye orodha ilikula karibu muda uleule tuliongoja kufuta kosa. Tarehe zilihamishwa, afisa mmoja aliacha kazi, faili likahamia kwa mwingine ambaye alitaka kusoma kila kitu tangu mwanzo. Kutoka Buffalo zilikuja habari kwamba ile familia inataka kuwaasili watoto wote watatu. Pruitt aliandika huko, akapiga simu, akamtafuta wakili wa huko amsaidie. Jibu lilikuwa la kistaarabu. Watoto wametulia, na shangazi wa Kentucky bado yuko kwenye orodha. Nilimweleza Pruitt kwamba kwetu si shangazi, ni mama mdogo, ni mama. Akaandika hivyo pia.

Rufaa ilisikilizwa kwenye chumba kisicho na dirisha. Afisa alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye kikombe cha kahawa ambacho hakukinywa. Ilikuwa mara ya kwanza Riziki kuulizwa na mtu yeyote wa serikali jambo hilo lilitokeaje. Alieleza yote, shifti, honi, vioo, biskuti. Afisa aliandika. Mwishoni akauliza swali ambalo sote tulilitarajia.

"Ukirudi kwenye siku ile, ungefanya vile vile?"

Pruitt alikuwa amemwandaa. Jibu lilikuwa hapana, na maneno machache ya majuto baada yake. Riziki alifikiri.

"Leo batoto bangu ni bakubwa, donc siwezi kufanya vile," akasema. "Lakini kwa siku ile, ningefanya vile vile. Hakukuwa mutu mwengine. Kama ningepoteza kazi, batoto bangelala inje. Ningefanya vile na ningelia vile nililia."

Hakuna mtu mwingine chumbani aliyekuwa ameelewa. Naomba muelewe ukimya wa namna ile, kwa sababu utawapata. Pruitt aliniangalia. Ningeweza kusema hapana, majuto yangefuata vizuri, na Riziki asingejua. Nikamfikiria yule mama wa Buffalo, vitanda vya ghorofa, Josué akigeuza uso. Kisha nikasema kwa Kiingereza kila alichokisema, kwa mpangilio aliousema, pamoja na kulia. Pruitt alifumba macho.

Afisa aliandika muda mrefu. Akatushukuru.

Uamuzi ulikuja masika. Jina liondolewe. Hakukuwa na maelezo ya maana, na mpaka leo sijui kama jibu lile lilitusaidia au lilikaribia kutuangamiza. Pruitt alinisomea kwa simu, kisha akasema, "Subiri, kuna barua nyingine." Nyingine ilikuwa kutoka Buffalo. Mahakama ya huko ilikuwa imekubali wavulana waasiliwe. Majina yao ya ukoo yalikuwa yamebadilika wiki chache kabla.

Esther hakuwamo. Alikuwa ametimiza miaka kumi na minne, na huko mtoto wa umri huo huulizwa kama anakubali. Alikuwa amekataa. Jaji alimuuliza sababu, akasema kwamba ana mama mwingine Louisville ambaye bado anangoja zamu yake.

Riziki alipata mtoto mmoja kati ya watatu. Nilimpelekea habari zote mbili nyumbani kwake, jikoni, kwa sababu Pruitt hakutaka azisikie ofisini. Alikuwa anachambua mchele. Aliuliza kama kuna karatasi nyingine ya kupeleka, mlango mwingine wa kugonga. Nikampigia Pruitt pale pale. Hapakuwepo. Akaendelea kuchambua mchele uleule uliokwisha kuchambuliwa.

Esther alifika mwezi wa sita na sanduku moja. Alielewa karibu kila kitu alichoambiwa kwa Kiswahili, lakini maneno hayakumtoka. Watoto wa Riziki walimjibu kwa Kiingereza, na nyumba ikawa na kelele ambayo Riziki hakuielewa. Nilikuwa naenda Jumamosi, bila kutumwa na ofisi. Nilikaa nyuma kidogo ya bega la Riziki na kutafsiri mambo ya shule, ya nywele, ya nani anaoga kwanza. Siku moja Esther aliniomba nimwambie mama mdogo kwamba hajui kama alifanya vizuri kuondoka bila wadogo zake. Nikamwambia. Riziki akasema hata yeye hajui, na akamtilia chakula.

Jumamosi yangu ya mwisho kabla sijahamia Gahanna ilikuwa siku ya simu. Ile familia ya Buffalo ilikuwa imekubali watoto wazungumze mara moja kwa mwezi, na kusema kweli hawakuwahi kukosa. Esther aliweka simu mezani, spika wazi. Daniel alizungumza kidogo akaenda kucheza. Josué akabaki.

"Anasema nini?" Riziki akaniuliza.

"Anasema jino limeng'oka. Anasema kwao kuna theluji mpaka kwenye dirisha."

"Mumuambie avae kofia."

Nikasema kwa Kiingereza avae kofia. Josué akamuuliza dada yake ni nani huyo anayezungumza. Esther akamjibu kwamba ni mdogo wake mama.

"Mama yupi?" Josué akauliza.

Esther aliziba mdomo kwa mkono. Riziki alikuwa ananitazama mimi, anangoja. Nikatafsiri. "Anauliza mama yupi."

Riziki alifuta mikono kwenye kitenge, akaisogelea simu hadi uso wake ukakaribia meza.

"Faida," akasema. "Mama yako alikuwa anaitwa Faida."

Nikatafsiri. Josué alijaribu kulisema jina hilo. Akakosea. Riziki akalirudia polepole, na mtoto akajaribu tena.